Tarehe ni Ahadi: Tamko la Makocha Kuhusu Kalenda ya Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake

KWA: Shirikisho la Soka Afrika (CAF); Baraza la Vyama vya Soka Afrika Mashariki na Kati (CECAFA); mashirikisho ya soka ya nchi zetu; wizara zinazosimamia michezo na elimu; klabu; wadhamini; vyombo vya habari; wazazi na mashabiki wote.

Sisi, wanachama wa chama cha makocha wa timu za wasichana na wanawake wa Afrika Mashariki, kwa kauli moja ya mkutano mkuu wetu, tunatoa tamko hili kuhusu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake, yaani WAFCON, na namna linavyopangwa.

MSIMAMO WETU

Tunataka mashindano haya yapewe tarehe inayojulikana mapema, na tarehe hiyo isisogezwe ila kwa sababu nzito inayoelezwa hadharani. Hilo ndilo ombi letu kuu, na mengine yote humu yanatokana nalo. Mikataba, kambi, posho, mechi za kirafiki, udhamini, ruhusa za kazini na za shuleni, vyote hupangwa kwa kutazama kalenda. Kalenda ikitetereka, mzigo humwangukia mchezaji, ambaye hakushirikishwa katika uamuzi.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Tarehe ya mashindano ni ahadi ambayo Afrika inampa binti yake, na sisi tunaomfundisha ndio anaotuuliza kama itatimizwa.

MASHINDANO YALIPOTOKA NA YALIPOFIKA

Mwaka 1991 na 1995 hapakuwa na mashindano ya timu kukusanyika mahali pamoja. Zilichezwa mechi za nyumbani na ugenini kumtafuta mwakilishi wa Afrika katika Kombe la Dunia, na mara zote mbili Nigeria ilishinda. Mwaka 1998 timu zilikutana kwa mara ya kwanza katika nchi moja, Nigeria, na wenyeji wakatwaa kombe. Majirani zetu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo walimaliza nafasi ya tatu mwaka huo. Uganda ilicheza Afrika Kusini mwaka 2000. Twiga Stars wa Tanzania walifika huko huko mwaka 2010. Harambee Starlets wa Kenya walicheza Cameroon mwaka 2016, na Burundi ilicheza kwa mara ya kwanza Morocco mwaka 2022. Kwa hiyo hatuzungumzii mashindano ya wengine. Mabinti wetu wana historia ndani yake, hata kama historia hiyo ina mapengo marefu.

Tunaeleza kwa fahari hatua zilizopigwa. Julai 2022, watu zaidi ya 45,000 waliingia uwanjani Rabat kutazama nusu fainali kati ya Morocco na Nigeria. Fainali ya mwaka huo, Afrika Kusini iliwafunga wenyeji 2-1 kwa mabao mawili ya Hildah Magaia, na Banyana Banyana wakapata ubingwa wao wa kwanza. Mwaka uliofuata, katika Kombe la Dunia lililochezwa Australia na New Zealand, Nigeria, Afrika Kusini na Morocco zilifika hatua ya 16 bora. Julai 26, 2025, tena Rabat, Nigeria ilikuwa nyuma kwa mabao mawili dhidi ya Morocco, ikasawazisha, kisha Jennifer Echegini akafunga la tatu dakika za mwisho. Nigeria ikanyanyua kombe lake la 10.

CAF nayo ilipandisha zawadi ya bingwa hadi dola milioni 1 za Marekani, mara mbili ya zile 500,000 zilizotolewa mwaka 2022. Tunaipongeza kwa dhati. Tunajua pia kwamba bingwa wa wanaume katika AFCON iliyochezwa Ivory Coast mapema mwaka 2024 alipata dola milioni 7, na safari ya kuziba pengo hilo ingali mbele yetu.

Kwa Tanzania kuna tukio moja ambalo hatutaki lipite kama habari ya siku moja. Mwaka 2010 Twiga Stars walipoteza mechi zote tatu za kundi lao. Miaka 15 baadaye walirudi, wakafungwa na Mali 1-0, kisha wakakutana na Afrika Kusini, bingwa mtetezi. Opah Clement akatangulia kuifungia Tanzania, na mechi ikaisha 1-1. Ilikuwa pointi ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano haya. Ghana iliwafunga 4-1 katika mechi ya mwisho na wakarudi nyumbani mapema, lakini kila kocha aliyeitazama ile sare aliona kwamba umbali kati yetu na vigogo unaweza kuzibwa. Huzibwa kwa maandalizi, na maandalizi hayafanyiki gizani.

KALENDA ISIYOTULIA

Juni 30, 2020, dunia ikiwa katikati ya janga la korona, Kamati ya Utendaji ya CAF ilifanya maamuzi mawili siku moja. Fainali za wanaume za 2021 zilisogezwa hadi Januari 2022, na zikachezwa. Fainali za wanawake za 2020 zilifutwa kabisa. Hatupuuzi ukubwa wa janga lile, wala hatusahau kwamba Kongo-Brazzaville ilikuwa imejitoa kuwa mwenyeji na mbadala ulikuwa haujapatikana. Tunakumbuka pia kwamba siku ile ile CAF ilitangaza kuanzisha Ligi ya Mabingwa ya Wanawake, jambo jema lililozaa matunda hadi kwetu: Simba Queens wa Tanzania walimaliza nafasi ya nne Afrika mwaka 2022. Hata hivyo, tunasema wazi kwamba kusogeza na kufuta si jambo moja. Mchezaji wa kiume aliambiwa asubiri. Wa kike aliambiwa mashindano yake hayapo.

Baadaye fainali za 2024 zilisogezwa hadi Julai 2025, kwa kuwa zingegongana na Olimpiki ya Paris. Tarehe za Olimpiki hutangazwa miaka mingi kabla, hivyo mgongano huo ungeweza kuonekana mapema na kupangiwa dawa. Jumla yake ni hii: tangu Nigeria inyanyue kombe Accra Desemba 2018 hadi Julai 2025, zaidi ya miaka 6, zilichezwa fainali mbili tu za mashindano yaliyokusudiwa kufanyika kila baada ya miaka miwili.

Tazameni lililowapata Twiga Stars. Waliitoa Togo Desemba 2023 na nchi ikashangilia. Mechi yao ya kwanza Morocco waliicheza Julai 2025. Kati ya kufuzu na kucheza ilipita miezi 19.

Liko pia suala la idadi ya timu. Mechi za mchujo wa fainali za 2026 zilimalizika Oktoba 2025, na baada ya hapo ndipo CAF ilipoongeza washiriki kutoka 12 hadi 16, ikazirudisha timu 4 zilizokuwa zimetolewa. Tunaunga mkono timu 16. Fainali pana zinazipa nchi kama zetu nafasi zaidi, na timu 4 bora za 2026 zilitengewa tiketi za Kombe la Dunia la 2027 nchini Brazil. Tunachopinga ni utaratibu. Fainali zilikuwa zimepangwa kuanza Machi 17, 2026. Timu iliyovunja kambi Oktoba ikijua imetoka, ikaambiwa Novemba kwamba imeingia, hubakiwa na muda finyu wa kutafuta fedha, mechi na pumzi. Kanuni za shindano zinapaswa kujulikana kabla ya mpira wa kwanza kupigwa.

Aidha, fainali zetu za Julai 2022 na za Julai 2025 zilichezwa sambamba na michuano ya wanawake ya Ulaya na ya Amerika Kusini. Shabiki wa Afrika hana shida kumtazama wa kwao, lakini mwenye televisheni, mwenye gazeti na mdhamini hugawa macho na fedha. Mashindano yanayojitafutia nafasi yake duniani hayapaswi kupangwa mara mbili mfululizo chini ya kivuli cha mengine.

GHARAMA ANAYOLIPA MCHEZAJI

Sisi ni makocha. Gharama ya tarehe isiyojulikana tunaiona mazoezini kabla haijaandikwa popote.

Mwili wa mchezaji hupandishwa kwa hatua. Hujengewa pumzi na nguvu kwanza, kisha kasi, kisha ukali wa mechi, ili afike kileleni wiki ya mechi ya kwanza. Tarehe ikisogezwa akiwa karibu na kilele, kocha hana njia nzuri: akiendelea kumkaza anamchosha na kuhatarisha magoti yake, akimlegeza anaanza upya.

Mkataba nao una mwisho. Fainali za Afrika ni mahali ambapo mawakala na klabu za nje humwona mchezaji kwa macho yao. Thembi Kgatlana alikuwa mchezaji bora na mfungaji bora nchini Ghana mwaka 2018, na klabu za Asia na Ulaya zikamfungulia milango. Msichana aliyekuwa kwenye ubora wake mwaka 2020 hakupata jukwaa hilo. Taaluma ya mpira ni fupi, na fainali moja ikifutwa humchukulia mchezaji sehemu ya maisha yake ya kazi isiyorudishwa.

Kuna na uzazi, jambo ambalo kalenda za wanaume hazilazimiki kulifikiria. Tangu mwaka 2021 kanuni za FIFA zinamhakikishia mchezaji mwenye mkataba likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, pamoja na haki ya kurudi klabuni kwake. Haki hiyo ina thamani kamili pale tu mwanamke anapojua fainali ziko lini, ili yeye na familia yake waamue wenyewe. Katika miezi 19 mtu anaweza kubeba mimba, kujifungua na kurudi uwanjani. Anaweza pia kuahirisha kupata mtoto kwa ajili ya mashindano yanayosogea kila anapoyakaribia. Hatuoni haki katika kumwachia kitendawili hicho.

Mwisho, wengi wa wachezaji wetu hawaishi kwa mpira peke yake. Wapo askari, wapo wafanyakazi, wapo wanafunzi. Mwajiri anaombwa ruhusa yenye tarehe. Mwalimu mkuu anaombwa ruhusa yenye tarehe. Fainali za 2016 na 2018 zilichezwa Novemba na Desemba, na Novemba ndio mwezi wa mitihani ya kidato cha nne Tanzania na Kenya. Hakuna mzazi anayepaswa kulazimishwa kuchagua kati ya cheti cha mwanawe na jezi ya taifa kwa sababu tu hakuna aliyekaa chini kulinganisha ratiba mbili.

NYUMBANI KWETU NAKO

Tungekosa uadilifu kama tungenyooshea kidole makao makuu ya CAF, Cairo, na kunyamazia ya kwetu. Kenya haikucheza mchujo wa fainali za 2022 dhidi ya Uganda, kwa kuwa uongozi wa soka nchini ulikuwa kwenye mgogoro, na Februari 2022 FIFA ikaifungia nchi hiyo. Wachezaji hawakuwa sehemu ya ugomvi ule. Ni mpaka Oktoba 2025, walipoitoa Gambia, ndipo Harambee Starlets walipofuzu tena, kwa mara ya kwanza tangu 2016. Tanzania nayo ilisubiri miaka 15 kati ya safari yake ya kwanza na ya pili, kisha ikafuzu tena bila kukosa.

Vipaji tulikuwa navyo muda wote huo. Kenya iliifunga Tanzania 2-0 katika fainali ya CECAFA jijini Dar es Salaam mwaka 2019. Serengeti Girls wa Tanzania walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022. Junior Starlets wa Kenya waliifunga Mexico katika Kombe la Dunia la umri huo mwaka 2024, katika Jamhuri ya Dominika. Mabinti hawa wanapofika utu uzima wanahitaji kukuta timu ya taifa yenye programu ya mwaka mzima. Wasikute timu inayokusanywa wiki chache kabla ya mchujo na kusahaulika mchujo ukiisha.

TUNACHOTAKA

Kwa hayo tuliyoyaeleza, tunatamka na kuomba kama ifuatavyo:

1. CAF itangaze tarehe, mwenyeji na idadi ya timu za kila fainali angalau miezi 24 kabla, na kwa vyovyote kabla ya mchujo kuanza.

2. Kila mwenyeji anapoteuliwa, ateuliwe pia mwenyeji wa akiba aliyekaguliwa na aliye tayari, ili kujitoa kwa nchi moja kusiwe sababu ya kufuta fainali.

3. Ndani ya miezi 12 kabla ya fainali, tarehe isibadilishwe ila kwa janga, vita au maafa. Ikibidi kubadilishwa, fainali zisogezwe, zisifutwe, na sababu zielezwe kwa maandishi siku ile ile, pamoja na tarehe mpya.

4. Kalenda ipangwe kwa mzunguko wa miaka minne, ikizingatia Kombe la Dunia, Olimpiki, michuano ya mabara mengine na vipindi vya mechi za kimataifa vya FIFA, ili klabu zilazimike kuwaachia wachezaji.

5. Zawadi na posho zitangazwe pamoja na ratiba, na mashirikisho yasaini mapema na wachezaji mgawanyo wake. Desemba 2016 mabingwa wa Nigeria waliandamana Abuja wakidai haki zao baada ya kurudi na kombe. Jambo hilo lisirudiwe popote barani, na lisije likatokea kwetu.

6. Mashirikisho ya nchi zetu yatumie kila kipindi cha FIFA kwa kambi au mechi ya kirafiki ya timu ya wakubwa ya wanawake, na yatangaze ratiba hiyo mwanzoni mwa msimu. Ligi kuu za wanawake nazo zianze na kuisha kwa tarehe zilizotangazwa.

7. Wizara za michezo na elimu ziunde utaratibu wa pamoja wa ruhusa na mitihani kwa wanafunzi walioitwa timu za taifa, badala ya kila shule kuamua kivyake.

8. CECAFA irejeshe mashindano ya wanawake ya ukanda kila mwaka kwa tarehe isiyobadilika, kwa kuwa hapo ndipo timu zetu hupata mechi ngumu bila gharama kubwa ya safari.

9. Kenya, Tanzania na Uganda ziombe kwa pamoja kuandaa WAFCON. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyowahi kuwa mwenyeji tangu 1998. Agosti 2025 nchi hizi tatu ziliandaa fainali za CHAN katika viwanja vya Benjamin Mkapa, Amaan, Kasarani, Nyayo na Mandela, na zimepewa pia AFCON ya wanaume ya 2027. Viwanja vinavyojengwa na kukarabatiwa kwa fedha za walipa kodi wa kike na wa kiume vichezewe na wote. Tunaomba barua ya nia iandikwe kabla ya AFCON 2027, wakati hamasa na miundombinu vikiwa hai.

WAJIBU WETU

Haki huja na wajibu. Sisi makocha tunaahidi kuwasilisha kwa mashirikisho, mwanzoni mwa kila msimu, taarifa za utayari na afya za wachezaji tunaowapendekeza timu za taifa, kwa ridhaa yao wenyewe. Tunaahidi kukaa na wazazi na walimu kabla msichana hajaitwa kambini, ili masomo yake yapangiwe nafasi. Tunaahidi kulinda heshima na usalama wa kila binti aliye mikononi mwetu, na kumtoa katika safu zetu kocha yeyote anayekiuka hilo. Tunaahidi pia kumpokea kila mchezaji kwa mavazi yanayoruhusiwa na kanuni. Nouhaila Benzina wa Morocco alicheza Kombe la Dunia la 2023 akiwa amevaa hijabu, na binti wa Unguja, Pemba, Mombasa au Lamu asiambiwe tena kwamba imani yake na mpira havikai pamoja.

Kwa wanahabari tunaomba jambo moja: iandikeni kalenda ya wanawake kama mnavyoandika ya wanaume. Ulizeni tarehe. Tarehe ikisogezwa, ulizeni kwa nini, na mwendelee kuuliza mpaka jibu litolewe.

HITIMISHO

Afrika imeonyesha kwamba wanawake wake wanaweza kujaza uwanja, kutoka nyuma na kushinda fainali, na kusimama mbele ya dunia bila hofu. Tanzania imepata pointi yake ya kwanza, na Kenya imerudi. Kizazi kilichocheza Kombe la Dunia la vijana kinapanda. Kinachohitajika sasa kutoka kwa viongozi hakigharimu zaidi ya nidhamu: kupanga mapema, kutangaza wazi na kutimiza kilichotangazwa.

Tutaandika kwa kila taasisi iliyotajwa hapa na kuomba majibu ya maandishi kwa kila kipengele kinachoihusu. Majibu tutakayopata tutawapa wanachama wetu, wachezaji na umma. Tuko tayari kuketi na yeyote anayetaka kulitekeleza hili, kwa kuwa lengo letu na lake ni moja: kila mchezaji wa Afrika ajue siku atakayoiwakilisha nchi yake, na siku hiyo ikifika akute uwanja, mwamuzi na mpinzani wakimsubiri.

Limetolewa na Kamati ya Utendaji, kwa niaba ya wanachama wote wa chama.